Mtani Wangu wa BASIC

Baba yangu alikuwa fundi cherehani mtaa wa Lizaboni, Songea, na kwa muda mrefu aliamini kwamba nimesomea ukalimani. Nilimwambia nimejifunza lugha ya kompyuta, naye akawatangazia wateja wake, huku akiwapima viuno, kwamba binti yake amerudi kutoka Dar es Salaam na lugha isiyozungumzwa na mtu yeyote duniani. Wateja wengine walimpa pole.

Lugha yenyewe ilikuwa Pascal. Niliisoma chuoni, kwa mwalimu mmoja mkali aliyetufundisha kwamba programu haianzwi kama mtu anavyoanza kuimba bafuni. Unatangaza kwanza kila kitu utakachokitumia, jina lake na aina yake, ndipo unaanza kazi. Niliipenda tangu wiki ya kwanza. Mimi ni mtu wa mpangilio. Sufuria zangu zina mahali pake, na nikikuta kijiko cha chai kimelala na uma, siku yangu imekwisha kuharibika. Pascal ilikuwa lugha ya kwanza kukutana nayo yenye hasira kama zangu. Ukisahau nukta mkato moja tu, haikufanyii kitu. Inakuonyesha ulipokosea, halafu inanuna mpaka urekebishe.

Nilirudi Songea miaka ile ya soko huria, wakati kila mwenye chumba cha mbele alikuwa anatoboa ukuta ili aweke dirisha la duka. Wanunuzi wapya wa tumbaku walikuwa wanafukuzana na magari kuwawahi wakulima wa Namtumbo. Mitumba ilimwagwa sokoni mpaka baba akawa anawasema Wazungu kwa kuvua nguo ovyo. Mfanyabiashara mmoja wa mabati na misumari, mtu wa kutoka Kaskazini, alinunua kompyuta tatu zilizokwisha kutumika huko zilikotoka, akazipanga chumba cha nyuma ya duka lake, akaandikisha ukutani kwa rangi nyekundu KITUO CHA KOMPYUTA, kisha akatafuta walimu. Tulipatikana wawili.

Huyo mwenzangu alikuwa Mhehe wa Iringa, kijana mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kunadi ng'ombe. Hakuwahi kukanyaga chuo cha kompyuta. Alijifunza BASIC peke yake, kwenye kimashine kidogo cha kuunganisha na televisheni alichoachiwa na mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akikosea na kujaribu tena mpaka lugha ile ikamwingia damuni. Na BASIC, kwa mtu asiyeijua, ni kinyume kabisa cha Pascal. Haikudai utangaze chochote. Unaandika mstari, unaupa namba, kumi, ishirini, thelathini, na ukiiambia iende, inakwenda. Kama umekosea mstari wa mia mbili, itatembea kwa furaha zote mpaka mia mbili, ndipo ianguke. Ukitaka kutoka mwisho kurudi mwanzo unairusha tu, na ukitaka katikati unairusha tena. Programu zake zilirukaruka kama vyura baada ya mvua. Mara ya kwanza nilipoisoma mojawapo niliumwa kichwa, na sisemi kwa mzaha, nilimeza dawa.

Siku tuliyokutana alinisalimia, "Kamwene, mateka wangu," kwa kuwa alikwisha kuambiwa mimi ni Mngoni, na Wangoni na Wahehe ni watani tangu mababu zetu walipochoka kuchinjana. Nikamjibu kwamba babu yake alikimbia vita mpaka akasahau mkuki. Alifurahi sana. Akavuta kiti, akaniuliza ninaandika kwa lugha gani. Nikamwambia Pascal. Uso ukamwanguka.

"Pole sana, dada," alisema. "Nilidhani kuwa Mngoni peke yake ni mzigo wa kutosha."

Basi tukaanza hapo, na hatukupumzika. Wakati ule Songea ilikuwa inawashwa na majenereta ya dizeli, na umeme ulikuja kwa mgawo, mtaa kwa mtaa. Zamu yetu ikifika tulizikimbilia mashine. Isipofika tulikaa tunaandika programu kwenye karatasi, kwa penseli, tukisubiri. Hali hiyo ilimpa mwenzangu silaha ambayo hakuacha kuitumia.

"Umeme wenyewe wa kuomba," alikuwa akisema, "halafu mtu anachagua lugha inayotaka kusoma kitabu kizima kabla haijafungua mdomo. Mimi nikipata dakika tano nimeshaona majibu."

"Umeshaona takataka."

"Takataka ikionekana inazolewa. Yako iko wapi tuizoe?"

Wanafunzi wetu, maskini, walikuja kujifunza kuchapa barua tu. Wengi walikuwa makarani waliopunguzwa kazini, watu wazima wenye watoto wao, lakini haikuchukua muda wakawa wamegawanyika kama mashabiki wa mpira. Upande wa BASIC ulikaa karibu na mlango, upande wa Pascal ukakaa dirishani, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuandika mstari wa lugha anayoitetea. Mama mmoja wa upande wangu alinivuta pembeni akaniuliza kwa heshima huyo Paskali ni wa ukoo gani, maana Peramiho kila ukoo una Paskali wake. Nikamwambia huyu si wa Peramiho. Aliendelea kunitetea hivyo hivyo.

Kilichoniuma ni kwamba baba alikwenda upande wa pili. Mhehe yule alianza kupita nyumbani Jumapili, mara na ulanzi, ile pombe ya mianzi, mara mikono mitupu, anasimama kwenye baraza na kumwamkia baba, "Shikamoo, mateka mzee," na baba, ambaye kwa kawaida hakuvumilia kijana amkosee adabu hata kwa kukohoa, anaitikia "Marahaba, mkimbizi," na kusogeza stuli. Nilijua baba anapenda utani, ila sikujua kama alikuwa na njaa nao namna ile tangu mama afariki. Wakishakunywa, mtani wangu anamweleza ugomvi wetu. Anamweleza kwa mifano ya cherehani, tena mifano ya uongo.

"Mzee, kuna cherehani ya kwanza, unakanyaga, inashona. Ukikosea unafumua. Na kuna ya pili, haikubali kukanyagwa mpaka uieleze suruali nzima kwanza, vifungo vingapi, mfuko uko wapi, mwenye suruali anaitwa nani."

"Hiyo ya pili ni cherehani au ni polisi?" baba aliuliza.

"Muulize binti yako."

Baba akanigeukia akiwa na pini mdomoni, maana alikuwa na kawaida ya kubana pini midomoni na kuongea hivyo hivyo, maneno yakitoka nusu. Akasema lugha isiyongoja ndiyo lugha. Nilimkumbusha kwamba yeye mwenyewe alikuwa hajasema na fundi jirani yake kwa miaka, kisa yule anatumia cherehani ya chapa nyingine, na wala hawakuwahi kuazimana hata sindano, ingawa sindano zenyewe zinaingiliana vizuri tu. Baba alitoa pini zote mdomoni ili anijibu sawasawa. "Haziingiliani," alisema. "Zinaingia. Kuingiliana ni kitu kingine." Mhehe alicheka mpaka akamwaga ulanzi wa watu.

Nilirudi Songea kwa ajili ya baba. Hilo niliseme wazi. Kaka zangu walikuwa mbali na wana familia zao, mama hayupo, na miguu ya baba ilikuwa imeanza kuvimba. Daktari alisema moyo umechoka, apumzike, asikanyage cherehani. Baba alikubali yote, akarudi nyumbani akaendelea kukanyaga. Ilikuwa lazima awepo mtu wa kumwondoa kwenye kile kiti kwa ugomvi kila jioni, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Kwa hiyo mwenye kituo alipotuita sote wawili kati ya mabati yake, nilianza kuhesabu nauli ya Dar kabla hajaanza kusema.

"Walimu wangu," alisema, "mimi naelewa misumari. Msumari wa inchi tatu haugombani na wa inchi nne. Nyie mnanigombania wanafunzi kwa vitu ambavyo hawajavilipia. Kituo hiki hakiwezi kubeba walimu wawili wala lugha mbili." Akatueleza kwamba sista mmoja, mkuu wa shule mpya ya sekondari ya wasichana, anataka programu ya kupanga ratiba ya masomo. Kila likizo sista huyo alikuwa anaimaliza sakafuni na vipande vya karatasi za rangi, akihamisha walimu huku na kule, na kila akifungua shule anakuta kuna mwalimu kapangiwa madarasa mawili kwa saa ile ile. "Kila mtu aandike kwa lugha yake. Ya atakayemfurahisha sista ndiyo itabaki hapa, na mwalimu wake."

Kwa Mhehe halikuwa jambo kubwa. Hakuwa na mke wala shamba, na popote penye soketi palikuwa kwao. Kwangu ilikuwa na maana moja tu: nikishindwa, narudi Dar kutafuta kazi, na baba anabaki peke yake na cherehani. Mjini kwetu hapakuwa na kituo kingine cha kukimbilia. Nilimwambia mtani wangu hivyo hivyo, tukiwa njiani, bila utani.

"Najua," alisema. Halafu akaongeza, "Basi uache kutangaza tangaza, uandike."

Sista alikuja kututazama kabla kazi haijakamilika. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye macho ya mtu ambaye hadanganywi na wasichana. "Tumsifu Yesu Kristo," alisema mlangoni, tukaitikia, akaketi mbele ya mashine yangu kwanza. Nilikuwa nimeandika kurasa na kurasa, safi, kila mwalimu kawekewa kumbukumbu ya vipindi vyake, na kabla ya kupewa chumba anakaguliwa kwanza kama yuko mahali pengine. Nikaiambia mashine iikusanye programu, yaani iisome yote kwanza ndipo iitende. Ikasoma, ikasoma, ikatoa mstari mmoja wa lawama. Nukta mkato. Nikaiweka. Ikasoma tena, ikalalamikia nyingine. Nayo nikaiweka, ikapata ya tatu. Sista alisubiri mikono ikiwa mapajani, na hakuona hata kipindi kimoja.

Akahamia kwa Mhehe. Yeye aligonga kitufe kimoja, na ratiba ikamwagika kutoka juu mpaka chini, siku zote tano, masomo yote, na mlio mdogo wa ushindi mwishoni alioutia mwenyewe. Mwenye kituo alipiga makofi. Sista alisogeza miwani.

"Mwanangu," alisema, "hapa mwalimu wa Fizikia yuko vyumba vitatu kwa wakati mmoja. Sisi tunamjua Mmoja tu anayeweza hivyo, na hafundishi Fizikia."

Ndipo umeme ulipokatika. Sista alisimama, akatutazama mmoja mmoja. "Huyu anasema ovyo, na huyu hasemi kabisa. Nimelea wasichana wa aina zote mbili. Nitarudi shule ikikaribia kufunguliwa."

Ile likizo baba akaanguka. Hakuanguka vibaya, aliteleza tu kutoka kwenye kiti chake cha kazi akiwa na suruali ya mtu mkononi, lakini hakuweza kusimama, na pumzi ilikuwa fupi. Tukampeleka hospitali ya misheni, Peramiho. Kuanzia hapo nilikuwa mtu wa basi dogo, asubuhi naondoka na uji kwenye chupa, jioni narudi na nguo za kufua, na mwishoni sikurudi kabisa, nikalala kwenye mkeka pamoja na wauguzaji wengine. Karatasi zangu nilikwisha kuziacha mezani kituoni zilivyo, nusu imechapwa, nusu penseli, na sehemu ya mwisho sijaianza. Nilikuwa nazifikiria, sitasema uongo. Nikimlisha baba uji nilikuwa nahesabu wino ambao mwenzangu anaumaliza kwenye printa. Nilikuwa nawaza kwamba nikipoteza nafasi ile, nitamtoa baba hospitali nikamkabidhi kwa nani?

Mhehe alikuja kumtazama. Alikuja na machungwa na matusi. Aliwauliza masista wa wodi kwa nini wanapoteza shuka nzuri kwa Mngoni, na baba, ambaye siku hizo alikuwa hasemi sana, alimwita karibu ili amtukane kwa sauti aliyobakiwa nayo. Walinifukuza nikachote maji. Niliporudi nilimkuta baba kashika mkono wa kijana yule mwenye sauti ya mnadani, na nilipoingia wakaachiana haraka.

"Programu inakwendaje?" nilimuuliza nikimsindikiza.

"Yangu au yako?"

"Yako. Yangu si unaijua."

"Fizikia bado anatenda miujiza siku ya Ijumaa," alisema, akapanda basi.

Baba alifariki asubuhi, kabla sijamwamsha kwa uji.

Tulimzika kijijini kwetu, upande huo huo wa Peramiho, chini ya jua kali. Kaka zangu walifika, watu wa jumuiya walifika, wateja wake walifika, baadhi wamevaa nguo alizowashonea. Watani nao walifika, kama ilivyo, na kiongozi wao alikuwa yule yule. Tulipobeba jeneza kutoka nyumbani kuelekea makaburini, tulimkuta kasimama katikati ya njia, kavaa tepu ya baba shingoni, kabana pini midomoni.

Akainua mkono, msafara ukasimama. Akalizunguka jeneza taratibu, akalipima urefu, akalipima upana, akakunja uso vile vile baba alivyokuwa akikunja akipewa kitambaa hafifu, na akaongea kwa sauti ya baba, maneno yakitoka nusu kwa sababu ya pini. "Nani kafanya kazi hii? Fundi mzima mnamzika na kitu cha namna hii? Mabega yamebana. Rudisheni." Akina mama waliokuwa wanalia walinyamaza. Mmoja akaguna, mwingine akaangua kicheko, na kilio na kicheko vikawa vinatoka kwenye vinywa vile vile.

Baba mdogo akatia mkono mfukoni, maana watani wakifunga njia wanapewa chochote ili wafungue. Mhehe akaukataa mkono ule.

"Sitaki hela zenu," alisema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Namtaka huyu binti. Aseme mbele ya baba yake na mbele ya kanisa kwamba BASIC ni lugha. Akisema, tunapita."

Watu wote walinigeukia. Sidhani kama walikuwapo watatu waliojua ni kitu gani hicho. Kaka yangu mkubwa aliuliza kama ni jina la mwanamume.

"Si lugha," nilisema.

"Mzee anasubiri kwenye jua."

"Asubiri. Si lugha."

Katekista alitazama saa yake. Baba mdogo akanisogelea akaninong'oneza, "Mwanangu, kubali tu, hawa hawana dogo." Nikakataa. Sijui nilipata wapi kiburi kile. Baba yangu yuko ndani ya sanduku, mimi nimesimama na khanga kiunoni nabishana juu ya namba za mistari. Mhehe akanitazama, macho yake yakiwa mekundu kuliko yangu, halafu akajiondoa njiani, akainama juu ya jeneza.

"Nimejaribu, mzee," alisema. "Umezaa jiwe."

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kwenye mazishi ya baba yangu, na shangazi zangu wakacheka kwa kuniona nacheka, na tukampeleka kaburini hivyo.

Matanga yalipoondolewa nilirudi mjini kuchukua vitu vyangu kituoni. Nilikuwa nimekwisha kujua la kufanya: nitafunga nyumba, nitarudi Dar. Mwenye kituo alinipa pole, tena pole ya kweli, akanishika mikono yote miwili, kisha akasema, "Na hongera pia, mwalimu. Pascal yako imeshinda. Ratiba imebandikwa ukutani kwa sista tangu juzi."

Nilimwambia haiwezekani, sikuimaliza. Akasema yeye anajua misumari tu, niende nikaangalie mwenyewe.

Umeme ulikuwapo. Niliifungua programu yangu, na kurasa za mwanzo zilikuwa zangu kweli, nukta mkato zote zimekaa. Zile za penseli zilikuwa zimechapwa neno kwa neno. Halafu ukafika mwisho ambao sikuuandika. Pascal inamruhusu mtu kurukaruka kama BASIC, lakini lazima kwanza atangaze namba za mistari atakayorukia, na mwalimu wangu wa chuo alitukataza kabisa tusiwahi kufanya hivyo, alisema ni aibu. Mtu huyu alikuwa amezitangaza. Kumi, ishirini, thelathini, arobaini, zimepangwa juu pale kwa adabu zote, kama mgeni aliyevua viatu mlangoni. Chini yake ilikuwa BASIC tupu iliyovaa nguo za Pascal. Ilikuwa mbaya, mbaya sana, na ilifanya kazi. Nilimtafuta mwalimu wa Fizikia kwenye ratiba ya wiki nzima. Kila saa alikuwa mahali pamoja tu.

Nilimkuta Mhehe chumbani kwake anakunja mashati.

"Umeniharibia programu," nilisema.

"Kamwene," alisema. "Yangu iligoma. Ijumaa ilinishinda. Nikasoma karatasi zako, nikaona jinsi unavyomkagua mwalimu kabla hujampa chumba. Ni kazi ya askari, lakini inafaa."

"Ungeichukua hiyo ukaiandika kwa BASIC."

"Ingekuwa kazi ya asubuhi moja."

"Sasa?"

Akakunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Nilijaribu. Kila nikifika pale pa kukagua, namsikia Mngoni ananikaripia. Nikaona bora niandike kwenye hiyo hiyo lugha yenu, yaishe."

Kwetu mtani anaweza kukamata kuku wako mbele ya macho yako akaenda naye kumchinja, na huna pa kumshitaki. Angechukua wazo lile, nisingekuwa na la kusema, wala hakuna ambaye angejua. Nilimwambia kwamba yote hayo hayana maana tena. Nilitaka kubaki kwa ajili ya baba, na baba hayupo, achukue nafasi yeye, mimi niende.

"Nyumba ya mzee ipigwe kufuli kwa sababu yangu?" alisema kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia. "Pale hospitali aliniambia nisikuachie ushinde. Alisema ukiachiwa utajua, na hutatusamehe. Sikukuachia. Nimeshindwa, ninakwenda kwetu. Iringa kuna mtu anafungua kituo."

Nilimsindikiza stendi. Alikuwa na begi moja, na kile kimashine chake cha zamani amekifunga ndani ya blanketi. Tulisimama tukizungumza mambo ya njiani, mvua ya Njombe, mashimo ya Makambako, mpaka kondakta alipoanza kuita. Nilikuwa nimelala na neno langu, nikaamka nalo, nikalibeba mpaka pale.

"Sikiliza," nilimwambia. "Kuhusu BASIC. Nimefikiri, na nataka nikuambie kwamba..."

"Nyamaza!" alisema. Alinikata hivyo hivyo, watu wakageuka. "Usithubutu. Nakwenda Iringa, mwanamke wewe. Kule wote ni ndugu zangu. Kule nani atanibishia?"

Kondakta akaita tena. Nikamwambia BASIC si lugha, ni kelele tu zilizopewa namba, na babu yake alikimbia. Alicheka mpaka akasukumwa ndani ya basi, na nilimsikia akicheka hata lilipokuwa linakata kona. Mimi nikabaki stendi nimekaa juu ya gunia la mtu, nalia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba.